Dakika Sita za Kupiga Pasi

Kazini walimwita Mkasi, na jina hilo lilimpendeza. Alikuwa mhariri wa filamu. Wengine walipiga picha juani. Yeye alikaa katika chumba kisicho na dirisha, akaamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Alijua riwaya ya upelelezi haiingii kwenye skrini nzimanzima. Msomaji aliyechoka hufunga kitabu akakirudia kesho. Mtazamaji ukimchosha, umempoteza.

Mwaka mmoja walipewa riwaya ya karani mstaafu wa mahakama. Mzee alikuja mwenyewe studio, koti limenyooshwa, kofia mkononi.

"Mwanangu, geuzeni mwisho, punguzeni maaskari, hata muuaji mbadilisheni mkitaka. Ila sura ya tisa naomba msiiguse."

Katika sura hiyo mpelelezi anakwenda kwa mama wa marehemu. Haulizi kitu. Anamtazama tu akipiga pasi mashati ya mwanawe, moja baada ya jingine, kana kwamba kesho kijana ataamkia kazini.

"Haitaguswa, mzee," Mkasi alisema, akampa mkono.

Picha zilipofika, sehemu hiyo ilikuwa na dakika sita. Mtayarishaji wa filamu aliitazama, akaguna. "Hapa watu watatoka kununua soda. Muuaji hajakamatwa, sisi tunapiga pasi?"

"Mzee aliomba ibaki."

"Mzee kaandika kitabu chake. Sisi tunatengeneza filamu. Kata."

Mkasi angeweza kubisha. Aliwahi kubishia mambo madogo kuliko hilo, akashinda. Lakini hata yeye aliona filamu inakwenda mbio zaidi bila ile pasi, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna: hakulazimishwa. Akakata. Simu ya kumwarifu mzee akaiahirisha leo, akaiahirisha kesho, mwisho hakupiga kabisa.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulifurika. Muuaji alipofichuliwa watu walisimama wakapiga mayowe, na Mkasi, kule nyuma, akapigwapigwa mabegani kwa pongezi. Taa zilipowaka akamwona karani mstari wa mbele. Kando yake alikaa mwanamke mtu mzima mwenye gauni jipya, macho bado kwenye skrini tupu.

Mkasi alipowakaribia, alimsikia mwanamke huyo akiuliza, "Karani, sehemu yangu bado haijafika?"

Mzee alimtazama Mkasi. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Huyu ni jirani yangu," alisema. "Kesi ya kuuawa kwa mwanawe niliiandika mimi mahakamani. Siku zote zile alikaa kwenye benchi, hakuna aliyemuuliza neno. Nikamwambia safari hii ataonekana."

Mkasi alitamani ardhi ipasuke. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, baba. Hongera, imechangamka."

Jumatatu alikwenda kuomba kipande kile kirudishwe. Mtayarishaji alicheka: nakala zilishasambazwa. Basi Mkasi akakiweka kwenye kompyuta yake ya mkononi, akaenda hadi kwa yule mama, akamwonyesha mezani, katikati ya vikombe vya chai.

Mama alitazama. Mara moja tu alisema, "Huyo mwigizaji anakosea. Kola ndiyo huanza." Kilipokwisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kumbe ipo. Sasa mbona hukuwaonyesha watu?"

"Niliona watachoka, mama. Nisamehe."

"Wangechoka kweli. Dakika sita." Akaisogeza kompyuta taratibu. "Mimi nimekusamehe. Nenda kwa aliyekuomba."

Alikwenda. Karani alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani, hakumtukana. "Filamu imependwa," alisema. "Ulijua kazi yako." Akafunga mlango taratibu.

Riwaya iliyofuata mzee aliwapa watu wengine, na Mkasi hakulalamika. Hadi leo filamu ile ikisifiwa mbele yake, husema ahsante upesi, akaulizia habari za watoto.