Mnyamwezi Aliyebeba Kigoda cha Mjomba

Nikiikumbuka siku ile ya mavuno, mwanangu, nacheka peke yangu hata jikoni. Kaa vizuri nikusimulie, maana kesho unakwenda Tindiga kufundisha, na nimesikia kuna mzee wa wafugaji amekwisha apa kwamba binti yake hatakanyaga darasani.

Hata mimi niliwahi kuapiwa hivyo. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, chuo chetu cha ualimu kilikuwa majengo mawili tu ya matofali ya kuchoma na shamba la mahindi. Shule zilikuwa zinafunguliwa huku na huku, walimu hakuna, basi chuo kikatangaza kinataka vijana waliomaliza darasa la saba. Nilimaliza, tena nilifaulu! Usaili ulikuwa Jumatatu. Lakini sisi Wasagara mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akisema neno, baba hukohoa tu. Mjomba wangu alikuwa amesimama katika mkutano wa kijiji, mbele ya watu wote, akasema, "Binti yetu haendi kulala chuoni na watoto wa watu tusiowajua." Basi. Na mkubwa akishasema mbele ya watu, atajirudi vipi?

Jumamosi, siku mbili kabla ya usaili, wanachuo wakaja kutusaidia kuvuna mpunga wa kijiji. Mmojawao alikuwa Maganga, Mnyamwezi mrefu mwenye mdomo mpana, aliyekuwa akifanya mazoezi ya kufundisha shuleni kwetu na aliyekuwa akinihimiza nijiunge. Unajua sisi na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara ya pembe za ndovu, na mtani akichukua kitu chako, huna budi kukikomboa. Mjomba alikuwa amekaa kando ya shamba juu ya kigoda chake cha mninga. Kigoda hicho, mwanangu, hata mke wake hakukikalia! Kila mtu akipita anainama, "Shikamoo." Maganga yeye hakuinama wala nini.

"Enyi watumwa wetu!" akapiga kelele. "Babu zetu waliwaachia mizigo hapa mwilinde. Iko wapi?"

Mjomba macho yakamng'aa, maana utani aliupenda kuliko ugali. "Babu zako walipita hapa na pembe vichwani kama punda. Wewe umekuja kubeba nini, chaki?"

"Nabeba ninachokikuta!"

Lo! Mjomba alikuwa ameinuka kidogo tu kujinyoosha. Maganga akakwapua kigoda, akakitia kichwani, akatimua mbio kwenye majaruba huku wanawake wakipiga vigelegele. Akasimama mbali akaita, "Sitaki kuku, mtani, wala sitaki pombe! Kigoda nakipeleka chuoni. Ukikitaka njoo ukikomboe Jumatatu, na uje na binti yako!"

Nilijua nimekwisha. Mjomba akikasirika, mlango wangu unafungwa mpaka kiama, na huyu mjinga anacheza! Nikatupa mundu nikaanza kumkimbiza nimnyang'anye. Bibi yangu, mama yake Mjomba, akanidaka kwa upindo wa kanga.

"Weye! Unakwenda wapi?"

"Bibi, amemwaibisha Mjomba!"

"Nani kaaibika? Mwanangu huyo nimemzaa mimi. Toka siku ya mkutano halali, anajutia ulimi wake, ila hana pa kupitia. Yule kijana kamfungulia mlango, nawe unataka kwenda kuufunga? Kaa chini!"

Nikakaa. Nikamtazama Mjomba. Alikuwa amesimama mikono kiunoni, midomo inamcheza. Kisha kicheko kikamtoka, akacheka hadi machozi. "Jamani, Mnyamwezi kanipata! Mtani akishachukua, utafanyaje? Itabidi niende." Na watu wote wakaitikia, "Itabidi!" Hakuna aliyesema Mjomba kala maneno yake. Nilirukaruka kama mwana mbuzi, mwanangu, mpunga wa watu nikaukanyaga.

Jumatatu tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma na ndoo yangu ya nguo. Kigoda tulikikuta kimewekwa kivulini mbele ya ofisi ya mkuu wa chuo, kimepanguswa, kinamngoja. Akakikalia mpaka nikatoka kwenye usaili nikimwambia nimechukuliwa. Unajua alifanya nini? Alikiacha palepale! "Kibaki," akasema, "nikija kumtazama binti yangu nisikose pa kukaa." Na alikuja kweli. Mwisho akajiunga na kisomo cha watu wazima, akajifunza kuandika jina lake.

Leo tazama! Majengo mawili yale yamekuwa chuo kikuu kishiriki, mabweni mpaka yanakaribia barabara. Nenda Malolo, nenda Mamboya, panda hadi Mikumi, uliza mwalimu wa shule kasomea wapi. Wengine nimewafundisha mimi, na wameshawafundisha wajukuu wa wale waliokuwa wakivuna siku ile. Furaha yangu haisemeki.

Basi nakuusia, mwanangu. Usiende Tindiga kumshinda yule mzee kwa hoja mbele ya watu wake. Mkubwa ukimbana ukutani, atakufa na neno lake, na atakayeumia ni binti. Msalimie, kaa naye, kunywa maziwa yake, jua anachokipenda na kinachomchekesha. Huenda naye halali. Mtafutie mlango atakaopitia kichwa chake kikiwa juu, kisha wewe kaa pembeni, asionekane aliyeufungua.

Mungu akutangulie, akupe ulimi mtamu na subira. Chaki yako isikuishie, na huyo binti siku moja akufundishie wanao. Haya, inuka ukalale. Na uinuke polepole, mwanangu. Hicho ulichokikalia, nilichopewa na chuo siku nilipostaafu, ndicho kigoda chenyewe.