Aliyenifundisha Kusali

Nina hasira leo, wala sifichi. Wasomaji wanakumbuka nilivyokuwa nikiandika hapa gazetini kwamba Mungu hayupo. Basi juzi nilikwenda misheni, huku Geita, kujiandikisha kubatizwa. Mbele yangu alisimama mama wa Kisukuma anayeuza uji machimboni.

"Wewe ni mke wa pili," katekista, mwalimu wa dini aliyekuwa akiandikisha majina, alimwambia bila kuinua macho. "Mwache mume kwanza, ndipo ubatizwe."

"Nikiondoka, baba, watoto wanabaki kwake. Nani atawalea?"

Katekista akampungia mkono kama anayefukuza kuku. Mama akaenda kukaa nje, mlangoni.

Zamu yangu ilipofika, katekista alisimama, akanipa mikono miwili. "Karibu sana, bwana mwandishi! Nani aliyekufundisha kusali, nimwandike?"

Nikamwonyesha mama yule. Nilipolala na homa machimboni, ndiye aliyeniletea uji kila asubuhi na kuniombea, mpaka nikamwomba anifundishe.

Katekista alikunja uso. Akachovya kalamu kwenye wino, akaandika jina lake mwenyewe.

Miaka yote niliyomkana Mungu gazetini, sikuwahi kuandika uongo mkubwa kama ule.