Majivu kwenye Sikio la Baba

Mama alinipigia simu Alhamisi asubuhi, nikiwa chumbani kwangu mjini, Engutoto, katikati ya sentensi. Nasema hivyo kwa aibu. Nilikuwa naandika, na sentensi ile ilikuwa inakuja vizuri, kwa hiyo nilimsikiliza kwa nusu ya kichwa.

Alisema sikio la baba limeanguka majini. Ndivyo tulivyokiita nyumbani kile kifaa kidogo cha kusikia alichokivaa nyuma ya sikio la kulia. La kushoto lilikuwa limekufa tangu zamani. Alhamisi ni zamu yetu ya maji. Baba alikuwa ameinama juu ya mfereji, akiziba njia ya jirani kwa vipande vya mgomba na matope ili maji yageukie shambani kwetu, na kifaa kikachomoka. Alikipapasa kwenye tope mpaka akakipata, na alipokipata zamu ilikuwa imekwisha.

"Kiweke kwenye kitu kikavu, kinachonyonya maji," nilimwambia mama. "Nakuja kesho kukichukua."

Nikarudi kwenye sentensi yangu. Sikumwambia atoe betri. Sikumwambia ni kitu gani kikavu.

Siku hizo bibi, aliyemzaa baba, alikuwa amelala chumba cha mbele kwa miezi miwili. Ugonjwa wake haukuwa na jina. Alikuwa anapungua tu, kama moto usioongezewa kuni. Wiki hiyo alianza kusema, kwa Kimeru, kwamba ana maneno ya kumwambia mwanawe wa kwanza, wao wawili tu, mlango ukiwa umefungwa. Baba alikuwa amepanga kuingia Alhamisi hiyohiyo, akishamaliza maji. Sasa bila kifaa ilibidi umpigie baba kelele mpaka kuku watawanyike uani, na bibi hakuwa na pumzi ya kuzima kibiriti. Kuandika hakujua. Midomo yake isiyo na meno haikusomeka. Mtu wa tatu wa kumrudishia baba maneno, hakumtaka.

Ijumaa nilishuka Usa River, bodaboda ikanipandisha nyumbani Nkoaranga. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba. Nilimpa shikamoo, akaangalia mkono wangu, akafikiri nimemletea kipya. Mama akanipeleka jikoni. Alifunua kopo ambalo kila mwaka huhifadhia mbegu za maharage, akaingiza vidole kwenye majivu, akatoa sikio la baba.

Alikuwa amefanya kwa upendo wote. Kwetu hakuna kitu kikavu kuliko majivu. Mbegu hukaa humo msimu mzima isioze wala isiliwe na wadudu. Aliyachekecha kwanza, mara mbili, yawe laini. Kifaa kilikuwa kimeloa, majivu yakakigandia. Yaliziba tundu za kuingizia sauti, yakajaa kwenye kijumba cha betri, na betri yenyewe bado ilikuwa ndani.

"Umesema kinachonyonya maji," mama alisema, akinitazama usoni. Nilimwambia ni sawa, amefanya vizuri.

Nilirudi nacho mjini, nikazunguka. Wenye duka la vifaa hivyo walisema kipya lazima baba apimwe, kiagizwe, kingojewe wiki kadhaa. Wiki hizo bibi hakuwa nazo. Nikaenda kwa mafundi simu. Wawili walikataa hata kukishika. Wa tatu, kijana wa rika langu mwenye kibanda karibu na soko, alikiweka chini ya lenzi yake, akainama muda mrefu.

"Dada, simu nimeshatoa chooni," alisema. "Hii ndiyo ya kwanza kunijia kutoka jikoni."

Nilicheka, halafu nikaanza kulia, hapohapo kwenye stuli yake, wateja wakiangalia. Alivuta kidogo pazia la kibanda, akachukua bisibisi nyembamba kama sindano.

Alikifungua. Alinionyesha kwenye lenzi: ukijani juu ya shaba, kama ukungu kwenye mkate. Maji peke yake, alisema, angeyatoa. Lakini majivu yakilowa yanakuwa kama magadi, yanakula chuma usiku kucha huku wewe umelala. Akaosha bodi kwa spiriti na mswaki, akapuliza hewa ya moto kutoka mbali, akaosha tena. Waya mmoja, mwembamba kuliko unywele, ulikatika alipougusa. Alijaribu kuuchomelea, ukakataa. Akajaribu tena huku amebana pumzi, na mimi nimebana yangu, ukashika.

Niliporudi kibandani mchana wa Jumamosi, kilipiga mluzi: kilikuwa hai. Aliweka kiganja karibu, mluzi ukapanda. Akanipa nikiweke sikioni mwangu.

Nilisikia maji. Vuuu, bila kukoma, kama mfereji siku ya zamu. Ndani kabisa ya vuuu ile palikuwa na sauti ya fundi, lakini nilijua ni yake kwa sababu tu nilikuwa namtazama.

"Kinapokea," alisema, "ila hakichagui tena. Maikrofoni imekwenda nusu. Mpeleke mzee ajaribu, lakini mwambie ukweli."

Sikumwambia. Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu ya migomba, baba akaja kunipokea njiani, akakivaa bila kusubiri. Nilimwona akikunja uso. Nikamwuliza kama anasikia. Alinitazama midomo, akasema anasikia. Labda alitaka iwe hivyo kama nilivyotaka mimi.

Bibi alituambia sote tutoke, abaki baba. Mama akaenda zizini. Mimi ningeweza kukaa chini ya dirisha; kioo chake kimoja kilivunjika zamani na kila neno hupita. Niliona ni utovu wa adabu. Nikashuka mpaka mferejini, ambako hakuna linalofika, nikakaa na miguu majini.

Walikaa muda mrefu. Baba alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu, akakaa kwenye nyasi, akavua sikio na kulishika kiganjani.

"Mama, ulisikia alichosema?" aliniuliza. Baba ananiita hivyo anaponihitaji.

Nilitikisa kichwa.

"Hata kidogo?"

Nikatikisa tena.

"Mimi nilisikia maji," alisema. "Aliponyamaza aliniangalia, nikaitikia. Akaendelea, nikaitikia tena. Mwisho akanishika mkono akacheka, nikajua nimekubali kitu."

Alitaka kurudi kumwomba arudie. Nilimshika mkono, hapana, nilimng'ang'ania. Bibi alikuwa amelala usingizi mzuri, usingizi ambao hakuwa ameupata kwa wiki nyingi. Tukasema kesho. Jumapili, watu wakiwa ibadani, alikata roho.

Leo baba ana kifaa kipya, kizuri kuliko kile. Lakini tangu siku hiyo hajauza ng'ombe, hajahamisha mpaka, hajakata mti hata mmoja wa bibi, kwa kuwa hajui alikubali nini. Mbele ya nyumba kuna mibuni mitano mizee isiyozaa chochote. Mwaka huu nilimwambia, nikisema taratibu kwa sababu sasa anasikia, kwamba tuing'oe tupande mipya.

Aliitazama mmoja mmoja.

"Labda ndiyo hiyo," alisema, akachukua jembe lake akaenda kuipalilia.