Mahindi ya Madoadoa ya Bi Salme

Bi Salme alifukuzwa kazi mwaka 1958 kwa sababu ya hindi moja. Kazi yake ilikuwa kuvisha mahindi mifuko katika shamba la mbegu la serikali huko Kisauni. Kila hindi changa, kabla halijatoa ndevu, alilifunika kwa karatasi ili unga wa maua ya mistari mingine usiliingie. Akisha, hufunga cheti chenye tarehe. Vyeti aliviandika kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa na mamake, maana za Kizungu hakuzijua. Msimamizi wake, Bwana Erastus, mtu wa bara, hakuweza kuvisoma. Kazi ilikuwa ikienda, akamwacha.

Siku ya mavuno, katika mstari wa mahindi ya zambarau matupu, likatoka hindi lenye punje nyeupe, kila punje imetapakaa madoa ya zambarau.

"Ulichelewa kulifunika, Bi Salme. Unga wa nje umeingia."

"Wallahi nalifunika mapema! Tarehe imo chetini. Na unga wa nje hugeuza punje nzima, Bwana Erastus. Hii ni punje moja, ina rangi mbili."

"Hapa mimi naona mikwaruzo tu," akasema Erastus. Cheti kikatupwa, na mwenyewe akaambiwa asirudi.

Kilichomuuma si kazi. Nyumbani Mishomoroni alikaa na mamake, Bi Mwanarehema, wawili peke yao. Mume alishamwacha zamani, mtoto hakujaliwa. Mama alisikiliza kisa chote, akasema, "Serikali haimfukuzi mtu bure, mwanangu." Basi. Tangu siku hiyo Salme alitaka jambo moja tu duniani: mamake amsadiki.

Alikuwa ametoka na punje chache katika pindo la leso. Akazipanda nyuma ya nyumba, akazivisha mifuko ya karatasi za sukari, majirani wakicheka kwamba Salme anayashonea mahindi makoti. Mwaka baada ya mwaka alikaa na punje zake kwenye jamvi, akizichambua bila wa kusema naye. Nyingine zilikuwa na doa kubwa, nyingine vitone tu. Na katika zile za madoa zikazuka chache za zambarau tupu, ambazo zilipopandwa zikaendelea kuzaa zambarau. Rangi haikuwa imekufa. Ilikuwa imekaliwa na kitu, na kitu hicho kikiondoka, rangi hurudi: kikiondoka mapema punje ikiwa changa, doa huwa kubwa, kikichelewa, huwa kitone.

"Mama, humo ndani mna kitu chahama."

"Mahindi hayana miguu, Salme," mama akajibu, akaendelea kusuka ukili wake.

Mwishoni mwa 1963, wiki tatu kabla ya uhuru, Bi Mwanarehema alifariki. Matanga yalipoondoka nyumba ikawa kimya, kimya cha kutisha. Salme akajaza kikapu mahindi ya miaka mitano, kila moja na cheti chake, akaenda shambani kwa Erastus. Hakuwa na mwingine wa kumwonyesha.

Erastus alikuwa akifunga vitabu vyake ili ahamie bara. Alipoona kikapu akatazama chini.

"Ulisema kweli, Bi Salme. Alikuja mtaalamu hapa, akatueleza. Ndani ya mbegu mna vitu vinavyoruka kutoka mahali hadi mahali. Kuna mwanamke Amerika aliyaona hayo katika mahindi zamani, na wengi hawakumsikiliza."

"Alikuja lini huyo mtaalamu?"

"Yapata miaka miwili."

"Na usiniambie?"

"Kazi zilinizidi. Nikasahau."

Salme akakiweka kikapu mezani.

"Miaka miwili hiyo mamangu alikuwa hai, Bwana Erastus. Na kwetu ni mwendo wa robo saa."

Salme akamwachia kikapu, akatoka.