Simbilisi Kwenye Nyumba ya Marumaru

Mimi nilizaliwa Dodoma, na baridi niliyoijua utotoni ilikuwa ya upepo tu, upepo wa kukausha midomo, ambao ukihamia upande wa pili wa ukuta unakuwa umeshaukimbia. Huku nilikoolewa, juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa inayopanda kuelekea msitu wa Meru, baridi haina upande wa pili. Mwezi wa saba ukungu unashuka mlimani na kukaa uani kama mgeni asiyejua kuaga. Nguo zinashinda kambani na unazianua zikiwa mbichi vilevile.

Mama mkwe wangu ameishi na baridi hiyo maisha yake yote, na dawa yake ilikuwa jiko la kuni nyuma ya nyumba. Lilikuwa na mafiga matatu, kuta zilizong'aa kwa masizi, kitanda cha mbao pembeni, na chini ya kitanda, simbilisi. Wapo wasiowajua: ni wanyama wadogo wa kufugwa, wanene, hawana mkia, ukimweka mmoja kiganjani kichwa chake kinafika kwenye kifundo cha mkono. Wake walikuwa kundi zima, wa kahawia, weupe na wa mabaka, wakiishi sakafuni katikati ya majani makavu ya migomba. Akianza kukata sukuma wiki walipiga miluzi wote kwa pamoja, nikawa nacheka kila mara. Tangu mumewe afariki alikuwa akilala humo humo, yeye kitandani na wao chini.

Shida ilikuwa kifua. Daktari alimwambia wazi mbele yangu kwamba moshi umemmaliza, na kwamba akiendelea kulala kwenye ule moto, yeye daktari hatakuwa na la kusaidia. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, akasema, "Asante sana, daktari," tukarudi nyumbani, akawasha moto. Sikio la kufa halisikii dawa, nilisema, lakini nilisemea chumbani kwangu.

Mume wangu ni fundi marumaru. Nyumba mpya aliijenga kidogo kidogo, na chumba kizuri kuliko vyote akakipanga kiwe cha mama yake: dirisha kubwa linalotazama mlima, kitanda kipana, sakafu inayong'aa hadi unajiona. Siku ya kuonyeshwa, mama alivua viatu mlangoni, akaweka mguu mmoja ndani, akaurudisha haraka.

"Na simbilisi wangu watalala wapi?"

"Watabaki kule jikoni, mama," mume wangu akasema.

"Nani atawawashia moto?"

Akavaa viatu vyake. "Siku mtakapowalaza humu ndani kipindi cha baridi wakaamka wazima, na mimi nitakuja."

Basi ikawa hivyo. Ili tumtoe mama kwenye moshi, ilibidi kwanza tujue namna ya kuwapa simbilisi joto bila moto.

Mume wangu alilichukulia jambo hilo kifundi. Alijenga banda la mbao na wavu ndani ya stoo, la ghorofa, mbuzi angeweza kugeuka humo, na chini akapiga marumaru zilizobaki, eti ni rahisi kusafisha. Nilimwambia amesahau kuweka kapeti na runinga. Hakucheka. Tukawahamishia humo, na kuanzia asubuhi ya kwanza nilijua kuna kitu hakiko sawa, kwa sababu nilikata sukuma wiki na hakuna aliyepiga mluzi. Walikuwa wamejikunyata kwenye kona, manyoya yamewasimama, kila mmoja kama kadonge ka sufi. Haikupita wiki tukamkuta mmoja amekauka.

Mama alimwokota, akamfunga kwenye kipande cha kanga. Aliwatia wengine kwenye tenga akarudi nao jikoni, na jioni ile tulimsikia akikohoa kupitia migomba, kikohozi kirefu kinachomalizika kwa kuvuta pumzi kwa shida. Mume wangu alikaa na sahani mapajani mpaka ugali ukapoa. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika.

Mimi hasira zangu huwa karibu, na zikija nashindwa kukaa. Kesho yake nikaenda jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuwachukua tena?"

"Nimekuja kuomba wachache tu. Nijaribu mimi."

Alinitazama kwenye moshi ule, macho yanatiririka, yake na yangu. Kisha akainama chini ya kitanda akanitolea watano. Wa mwisho alikuwa jike la kahawia lenye mimba, tumbo limejaa hadi miguu haionekani. "Huyu ndiye mama yao wote," akasema. "Akifa usiniletee. Nitaona kwenye uso wako."

Sokoni Tengeru nilipekua rundo la mitumba nikapata sweta tatu nene za watoto wachanga. Muuzaji akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikamwambia mtoto ni simbilisi. Akawaita wenzake waje wanione, na mpaka leo nikipita pale naitwa mama simbilisi. Nilitandika sweta juu ya marumaru. Wakazilowesha kwa mkojo, zikawa baridi kuliko marumaru zenyewe. Nikaning'iniza balbu, wakajibanza chini yake vizuri kabisa, na umeme ukakatika. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki nikazifunga vitambaa. Walizilalia kwa furaha, na kabla hakujapambazuka zikawa mawe ya barafu. Kila nilichowapa kilikuwa joto la kuazima, na likiisha wanabaki pale pale, katikati ya jumba lao kubwa.

Siku moja niliosha lile banda tangu asubuhi na likagoma kukauka. Ukungu ulikuwa mzito, hata sakafu ya sebuleni ilikuwa inatoka jasho. Ikabidi simbilisi walale kwenye boksi la mafuta ya kupikia, dogo, nililolilaza ubavu, nikatia maranda ya seremala na majani makavu ya migomba, nikaacha tundu la kupitia hewa. Umeme haukuwepo, na gesi ilikuwa imeisha kwa hiyo hata maji ya chupa hapakuwa na pa kuyachemshia ila kwenye moto wa mama, na huo ndio niliokuwa nashindana nao. Nililala nikijua nimewaua. Nilikuwa nafikiria uso wangu, nitauweka vipi mbele ya mama.

Alfajiri niliingia stoo nikipumua moshi wa baridi. Boksi lilikuwa kimya. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono polepole kwenye majani, nikitegemea kugusa kitu kigumu.

Nilikutana na joto. Siyo uvuguvugu, joto kabisa, kama la mkate uliotoka sasa hivi. Vidole vyangu vilivyokuwa vimekufa ganzi vikaanza kuuma kwa kurudiwa na uhai. Niliyafunua majani nikawaona: wamelaliana, huyu juu ya yule, pua kwenye mbavu za mwenzake, wote watano kwenye nafasi isiyozidi sufuria. Hapana aliyewawashia kitu chochote. Vile viwiliwili vidogo, vinavyokula maganda ya viazi na majani ya mahindi, vilikuwa vimetengeneza moto wao wenyewe na kuutunza usiku kucha, na mlima mzima wa baridi ulikuwa umewashindwa.

Halafu kati yao kitu kikanitazama. Kilikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, kina manyoya yaliyokwisha kukauka, macho wazi, masikio yamesimama. Kikatokea cha pili. Sikuwahi kuona mtoto akizaliwa na macho yamefumbuka hivyo. Mimi watoto wangu nimewasubiri mwaka mzima wajifunze kusimama. Hiki kilinikagua, kikaniacha, kikatembea kwa miguu yake hadi kwenye jani la mgomba na kuanza kulitafuna. Nilikaa chini kwenye marumaru, nikalia kwa mshangao, baridi nisiisikie.

Mama alikuja mwenyewe kuona. Aliingiza mkono, akautuliza humo muda mrefu. Jioni alileta waliobaki, tukawalaza stoo kwenye maboksi kama lile, na yeye akahamia chumbani kwake na mablanketi yake.

Ingekuwa hadithi, ningeishia hapo. Lakini siku chache baadaye niliamka nikaona moshi unatoka kwenye paa la jikoni. Nilivuka uani na kandambili zangu nikiwa nimekwisha panga maneno yote. Nilimkuta amekaa mbele ya mafiga, anakohoa, mikono kwenye moto. Chini ya kitanda hapakuwa na kitu.

"Mama, simbilisi wako wote wako ndani, wazima. Huku umefuata nini?"

Alisubiri kifua kitulie. "Kile chumba ni kizuri, mwanangu. Nimezaliwa nikalala na dada zangu, nikaolewa nikalala na mume na watoto, akafa nikalala na hawa wanyama. Kule nageuka, sisikii mtu."

Nilimwaga maji kwenye moto, naye hakunizuia.

Siku hiyo hiyo tulibomoa vitanda vya binti zetu wawili, tukawahamishia kwenye kitanda kipana cha bibi yao. Walilalamika sana, kwamba bibi anakoroma, kwamba anaamka kusali mapema, kwamba kitanda kitakuwa kidogo. Nilijifanya sisikii.

Asubuhi nilienda kuwaamsha wajiandae kwa shule. Ukungu ulikuwa umefunika dirisha lote, mlima hauonekani. Nilifungua mlango nikasimama, nikitega sikio kusikia kikohozi. Chini ya mablanketi sikuweza kujua mguu upi ni wa nani.

"Funga mlango," mama akasema bila kufumbua macho. "Unatuingizia baridi."