Kipindi Changu cha Kushona Magunia

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimekaa Kariakoo miaka ishirini na sita. Nimeona mtu akiuza kiwanja kimoja kwa watu watatu kabla ya chai ya saa nne, nimeona jengo likiongezwa ghorofa huku wapangaji wa chini wanaendelea kupika. Nilianza kama kuli wa kushusha mizigo, leo nina maduka mawili ya jumla ya vitenge na mashuka, na darasa la nne sikulimaliza. Nasema mapema ili tujuane.

Binti yangu wa mwisho yuko darasa la tatu, shule moja karibu na Mnazi Mmoja. Mwaka jana mitihani ilipokwisha zilibaki wiki mbili kabla ya kufunga shule. Mwalimu wao, dada mmoja kijana asiyecheka ovyo, hakutaka watoto washinde wakirushiana chaki. Akaagiza kila siku aje mzazi mmoja, afundishe kazi anayoifanya kwa mikono yake. Mke wangu alikuwa ametangulia Moshi, kwa hiyo zamu ikaniangukia mimi.

Nikafanya tunavyofanya mjini. Nikampa bodaboda maboksi mawili, madaftari na juisi za darasa zima, apeleke na salamu zangu. Nusu saa haijapita, huyo karudi na maboksi yote mawili. Mwalimu anashukuru sana, ila aliyeitwa ni mzazi. Tangu nianze kutoa zawadi katika mji huu, hiyo ndiyo ya kwanza kurudishwa.

Jioni binti yangu akaniambia kumbe ameshatangaza nitakachofundisha. Huwa ananiona dukani nikifunga mizigo ya wateja wa mikoani. Robota linaviringishwa ndani ya salfeti, lile gunia la nailoni, halafu mdomo unashonwa kwa shazia, ile sindano nene ya magunia. Vijana wangu wanashona kivivu, kwa hiyo nashona mwenyewe. Yeye kawaambia wenzake kwamba mshono wa baba yake haupasuki hata mzigo ukitupwa kutoka juu ya lori. Ni kweli tupu. Lakini alikuwa ameweka heshima yake mbele ya watoto arobaini kwa ajili ya mshono wangu, na shazia hajawahi kuishika.

Nikaenda. Siku iliyotangulia mama mmoja wa Kihindi, mwenye duka Mchafukoge, alifundisha kukunja sambusa, na ubao ulikuwa bado na alama za vidole vyenye unga. Watoto wakasimama wote, shikamoo baba, nikaitikia kama waziri. Mwalimu alizitazama shazia zangu kwa wasiwasi. Nikamweleza kwamba ncha zote nimezisugua kwa tupa usiku kucha, zinapita kwenye salfeti lakini kidole hazichomi.

Nikawaonyesha. Kunja mdomo mara mbili. Ukichoma mara mbili, rudi nyuma mara moja. Kaza, na usiongee na mtu. Kila mtoto akashona kimfuko chenye nusu kilo ya maharage. Kisha ukaja ukaguzi: unapanda juu ya kiti, unainua kimfuko juu ya kichwa, unakiachia kwenye sakafu ya saruji. Wenye vilivyopona nilikuwa nawapa mkono kama watu wazima.

Cha binti yangu kikapasuka. Maharage yakatapakaa mpaka chini ya meza ya mwalimu.

"Mtoto wa fundi huyo," akasema mvulana mmoja wa nyuma, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu akaninong'oneza kwamba kipindi kinaisha, nimpe tu mkono, ni mtoto. Na simu ilikuwa inatetemeka mfukoni, ujumbe wa vijana wangu. Mteja wangu wa Songea yuko dukani, hakubali mzigo wake ushonwe na mwingine, na lori lake linaondoka saa saba. Nikaokota kile kimfuko nikakigeuza. Hakurudi nyuma hata mara moja. Alikuwa na haraka ya kuwa wa kwanza, na haraka hiyo naijua ilikotoka.

Huyu mtoto ana jina la mama yangu, kwa hiyo namwita mama.

"Mama, fumua. Anza upya."

"Wote wameshamaliza, baba."

"Mimi na wewe bado."

Hakulia. Akapiga magoti, akaokota maharage yote. Kengele ikalia, na hakutoka mtu. Nikazima simu, nikaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yanagusa kidevu, mikono nimeikalia nisije nikamsaidia. Nimebeba magunia ya kilo mia mgongoni, sijawahi kuona kazi nzito kama kukaa vile. Akachoma mbili, akarudi moja. Akakaza kwa meno. Akapanda kiti, akakiachia.

Kikatua sakafuni, kikatulia.

Yule mvulana wa nyuma akakichukua, akauvuta mshono mpaka mishipa ikamtoka shingoni, akamrudishia. "Hiki kigumu," akasema. Ndipo nikampa binti yangu mkono, naye akanibana vidole kama mtu wa mkataba.

Kile kimfuko kinaning'inia dukani juu ya kaunta, na kila mteja lazima aambiwe kimeshonwa na nani. Wa Songea alichukua mzigo kwa jirani yangu. Marobota kumi na saba, faida yangu elfu ishirini na tano kila moja: shilingi laki nne na elfu ishirini na tano.