Shavu la Léocadie

Anselme Thibergeau aliiona dunia kinyume, na alilipwa kwa hilo. Mchongaji wa sarafu huchonga kwenye muhuri wa chuma uso unaotazama kulia, ili kwenye fedha utoke ukitazama kushoto, na maneno huyapanga kama yanavyoonekana kwenye kioo. Mkono ukizoea, hauna likizo. Barua yake ya kwanza ya mapenzi Léocadie alilazimika kuisoma mbele ya kioo cha shangazi yake, naye shangazi akaisoma yote kwa sauti.

Léocadie alimkubali hivyo hivyo. Siku ya harusi, divai ikiwa imeshapanda kichwani, Anselme alisimama mbele ya wakwe akatangaza:

“Iko siku uso huu utakaa mfukoni mwa kila Mfaransa!”

“Hiyo ni sifa au tusi?” mama mkwe akauliza.

Ahadi ikakaa. Anselme alizeeka akichonga nishani za vyama vya makasia na za mawaziri wenye vipara, mpaka hatimaye kiwanda cha sarafu kikampa kazi ya kuchonga sarafu ya faranga mbili. Juu yake palitakiwa uso wa Jamhuri, na Jamhuri ya Ufaransa huchorwa kama mwanamke. Anselme akamkalisha mkewe kwenye dirisha la jikoni, akamchonga majira yote ya baridi. Léocadie alikuwa na mashavu kama mkate ulioumuka vizuri, na Anselme hakumpunja hata chembe.

Waheshimiwa wa kamati ya kukagua sarafu wakaja na kofia zao ndefu. Zikachapwa sarafu za majaribio, zikapangwa moja juu ya nyingine, kama zitakavyopangwa benki. Zikayumba, zikaanguka. Moja ikabingirika chini ya kabati, na mbunge mzima akapiga magoti kuifuata.

“Thibergeau,” akasema Bwana Crouzevialle, mkuu wa karakana, “shavu limepita ukingo.”

“Ndivyo lilivyo, Bwana Mkuu.”

“Basi tafuta mwanamke mwembamba. Na huu muhuri uue. Unajua desturi.”

Anselme aliijua. Muhuri uliokataliwa huuawa na aliyeuchonga, mbele ya mashahidi: patasi usoni, nyundo juu yake, wezi wasije wakautumia. Aliwahi kuua mawaziri kadhaa bila kupoteza usingizi. Nyumbani habari hiyo akaificha.

Siku ya kuua ikafika. Aliweka patasi kwenye shavu, akainua nyundo, akaishusha taratibu. Akafuta miwani. Akainua tena. Waheshimiwa wakaanza kutazama saa zao, na hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, Léocadie akaingia na sufuria ya dengu na soseji, kwa sababu mumewe alikuwa ameondoka bila chakula.

Aliutazama muhuri. Akaitazama patasi.

“Anselme. Hiyo unaiweka wapi?”

“Mke wangu, nilitaka kukwambia…”

“Lini? Nikishakuwa na kovu?”

Bwana Crouzevialle akakohoa. “Bibi, tatizo ni shavu. Limezidi.”

“Limezidi nini, wewe uliyemeza pipa?” Akamtazama tumboni bila haraka. Mbunge mmoja akageukia dirisha, mabega yakimtikisika. “Na wewe, Anselme, unalia nini?”

“Niliahidi, Léo. Mbele ya mama yako.”

“Mama alicheka mpaka Pasaka. Unadhani nina hamu ya kushikwashikwa na kila muuza nyama wa nchi hii? Nipe hiyo nyundo. Dengu zinapoa.”

Akapiga pigo moja. Uso ukapasuka kuanzia paji mpaka kidevu, na Bwana Crouzevialle akarudi nyuma, akakalia kofia ya mwenzake.

“Sasa sikiliza,” Léocadie akamwambia mumewe, akimpa kijiko. “Chonga mwembamba wako. Lakini asiwe mwanamke yeyote unayemjua. Nikimtambua, ni mimi na wewe.”

Anselme alitii kwa uangalifu mkubwa. Paji la uso alilitoa kwenye sanamu ya bustanini, pua akaibuni, na kidevu, kwa kukosa pengine, akakiazima kwa padri wa parokia yao, mtu aliyeichukia Jamhuri kuliko dhambi. Kamati ikasema hatimaye huyu ndiye Jamhuri mwenyewe. Léocadie alimtambua padri siku sarafu ilipotoka, akacheka mpaka akashika ukuta, na tangu hapo hakukosa misa hata Jumapili moja, ili amwone padri akijipokea mwenyewe kwenye kapu la sadaka na kujibariki.